Lebo za makala zikikataa, tafuta kwanza zilipokwama

Makala imechapishwa, lebo tano zimeandikwa, lakini ukifungua blogu kwenye simu huoni hata moja. Wengi hapo hukimbilia kufuta kashe (nakala za muda za kurasa), kubadilisha mandhari (theme, yaani mwonekano wa blogu) au kupakia programu-jalizi (plugin) nyingine. Usianzie huko. Lebo, au tagi kama wengi wanavyoziita, hupita hatua tatu: huhifadhiwa pamoja na makala, kisha mandhari huzionyesha, kisha kila moja hufunguka kama ukurasa wenye anwani yake. Tatizo la hatua moja halitatuliwi kwa marekebisho ya hatua nyingine, na muda mwingi hupotea kwa kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Kipimo cha kwanza huchukua nusu dakika. Kwenye WordPress fungua orodha ya makala, sehemu ya "Posts", utazame safu ya "Tags". Kwenye Blogger, orodha ya makala huonyesha lebo za kila makala papo hapo. Ukiziona, zimehifadhiwa, na shida iko kwenye mandhari au anwani. Usipoziona, hazikuingia kabisa, na hakuna mandhari duniani itakayokuonyesha kisichokuwepo.

Hazikuhifadhiwa

Sababu moja ya kawaida ni alama ya mkato (,). Katika kihariri kipya cha WordPress (block editor), neno uliloandika si lebo mpaka ubonyeze Enter au uweke mkato, likageuka kuwa kipande chenye alama ndogo ya kukifuta pembeni. Ukiandika neno kisha ukaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kuchapisha, makala huondoka bila lebo hiyo. Kwenye simu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu baadhi ya kibodi huficha mkato nyuma ya kitufe cha tarakimu, na mwandishi hutenganisha maneno kwa nafasi tu. Matokeo yake ni lebo moja ndefu: "afya watoto chanjo lishe". Anayeandika kwa kibodi ya Kiarabu, kama walivyo baadhi ya Waswahili wa Oman, aangalie pia kwamba mkato wa Kiarabu ni herufi nyingine kabisa. Kwa macho unafanana na mkato uliogeuzwa, lakini kompyuta haiuhesabu kuwa ni mkato wa kawaida.

Mkato huo huo hukata pasipotakiwa. "Dar es Salaam, Tanzania" huwa lebo mbili. Andika "Dar es Salaam" peke yake.

Je, kisanduku chenyewe cha kuandikia lebo hakionekani? Angalia kwanza unaandika nini. Kwenye WordPress, kurasa za kudumu kama "Kuhusu sisi" hazina lebo. Ni makala tu ndizo zenye lebo tangu mwanzo. Mtu anaweza kuzunguka mipangilio yote akitafuta kisanduku ambacho hakijawahi kuwekwa hapo. Kama kweli ni makala, bofya nukta tatu juu kulia, fungua "Preferences", nenda kwenye orodha ya paneli, uwashe "Tags". Katika kihariri cha zamani, "Screen Options" iko juu kabisa kulia. Weka alama ya tiki mbele ya "Tags". Kwenye Blogger, ukitumia simu, mipangilio ya makala hujificha nyuma ya alama ya gia. Iguse, na sehemu ya lebo itajitokeza.

Tovuti zenye aina ya pekee ya makala, tuseme "Mapishi" au "Matangazo ya kazi", zina sababu nyingine. Aina hiyo haipati lebo mpaka aliyeitengeneza aiunganishe. Ndani ya msimbo wake panatakiwa mstari `'taxonomies' => array( 'post_tag' )`. Na kama lebo zenyewe ni za mfumo wa pekee, zisizo lebo za kawaida, lazima ziandikishwe na `'show_in_rest' => true`, la sivyo kihariri kipya hakitazionyesha hata kama ukurasa wa kuzisimamia unafanya kazi vizuri. Hii ndiyo sababu lebo huonekana kwenye menyu ya kushoto lakini hazimo ndani ya makala.

Kwenye blogu ya watu wengi, uliza pia cheo. Mwenye cheo cha "Author" au "Contributor" anaweza kuweka lebo kwenye makala yake, lakini hana ruhusa ya kubadilisha majina ya lebo wala kuzifuta. Hilo ni kazi ya mhariri au msimamizi. "Contributor" ana kizuizi kingine: makala yake ikishachapishwa, hawezi tena kuigusa. Akisahau lebo, mhariri ndiye wa kuziongeza, na kumpandisha cheo mtu kwa sababu ya lebo moja si busara.

Sasa tuje kwenye kosa linalosumbua zaidi: unaandika lebo, mapendekezo hayatokei, na ukihifadhi unaambiwa "Updating failed". Kihariri kipya hakitumi makala kwa njia ya fomu ya zamani. Huzungumza na seva kupitia anwani inayoanza na wp-json. Njia hiyo ikifungwa, lebo haziwezi kupita. Ipime hivi: fungua kwenye kivinjari anwani ya tovuti yako ikifuatiwa na /wp-json/wp/v2/tags. Ikiwa nzima, utaona maandishi mengi yaliyobanana yenye majina ya lebo zako na nambari zake. Ukipata 404 (ukurasa haukupatikana), nenda "Settings", kisha "Permalinks". Mtindo ukiwa ni ule wa "Plain", anwani hiyo haifunguki. Chagua mtindo wenye jina la makala, uhifadhi. Ukipata 401 au 403, kuna mlinzi amekuzuia: ama programu-jalizi ya usalama iliyofungwa kupita kiasi, ama ulinzi wa seva yenyewe.

Kumjua ni yupi, pakia programu-jalizi iitwayo Health Check & Troubleshooting. Ina hali ya uchunguzi inayozima programu-jalizi zote kwako wewe peke yako, huku wasomaji wakiendelea kuona tovuti kama kawaida. Washa moja moja, na baada ya kila moja jaribu kuhifadhi lebo. Itakayorudisha kosa ndiyo yenyewe. Zikiwa zote zimezimwa na kosa bado lipo, waandikie wenye seva. Usiwaambie "tovuti haifanyi kazi", maana hawatajua pa kuanzia. Wape saa kamili ya tukio, anwani iliyokataliwa na nambari ya kosa, wapate kutafuta kwenye kumbukumbu zao.

Blogger ina mipaka yake. Lebo zote za makala moja, zikijumlishwa, zisizidi herufi 200, na idadi isizidi 20. Alama kama &, <, >, @ na ! pia huleta kosa. "Afya & Urembo" iandike "Afya na Urembo".

Zimehifadhiwa, msomaji hazioni

Kwenye Blogger fungua "Layout", tafuta sehemu ya "Blog Posts", bofya penseli, na uhakikishe "Labels" ina tiki. Bila tiki hiyo hakuna lebo itakayoonekana chini ya makala. Ile orodha ya lebo ya pembeni ni kifaa kingine, nayo ina mtego: ukiwa uliwahi kuchagua lebo maalumu za kuonyesha, kila lebo mpya utakayoibuni baadaye haitaonekana mpaka urudi kuiongeza. Chagua zionyeshwe zote, ama jenga mazoea ya kuirudia kila unapoanzisha lebo mpya.

Kwenye WordPress yenye mandhari ya kisasa ya vizuizi (blocks), fungua "Appearance", kisha "Editor", kisha kiolezo cha makala moja, uongeze kizuizi cha "Tags" chini ya maandishi. Mandhari ya zamani hutegemea mstari wa `the_tags()` ndani ya faili ya makala. Kama haupo, uongeze kwenye mandhari-mtoto (child theme), si kwenye mandhari yenyewe, kwa sababu sasisho la kwanza litaufuta. Ukishamaliza hayo ndipo ufute kashe. Hapo ndipo mahali pake.

Lebo inaonekana, ukiibofya haifunguki

Kwa WordPress, mara nyingi inatosha kurudi "Permalinks" na kubofya kitufe cha kuhifadhi bila kubadilisha chochote. Kitendo hicho huandika upya kanuni za anwani. Isiposaidia, tazama chini kwenye ukurasa huohuo: ukiwa umeipa kategoria na lebo neno moja la kutangulia, kwa mfano "mada" kwa zote mbili, zitagongana na upande mmoja utatoa 404.

Nambari 0 mbele ya lebo si kosa. WordPress huhesabu makala zilizochapishwa tu. Rasimu na zilizopangwa kutoka kesho hazimo.

Blogger hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kiungo cha menyu kinachoishia na /search/label/afya hakitaleta makala za lebo "Afya". Nafasi kati ya maneno huandikwa %20, hivyo "Siasa za Kenya" huwa Siasa%20za%20Kenya. Njia salama ni kubofya lebo yenyewe kwenye blogu, kunakili anwani iliyojitokeza juu, na kuibandika kwenye menyu.

Usiogope ukiona taarifa ya Search Console (zana ya Google kwa wenye tovuti) kwamba kurasa za /search/label zimezuiwa na robots.txt, faili inayoelekeza mitambo ya utafutaji. Blogger huzizuia hivyo tangu mwanzo, kwa makusudi, ili Google isijazwe kurasa zinazorudia makala zilezile. Makala zako zenyewe hazizuiwi. Tunawasihi wenye blogu wasiiguse faili hiyo kwa sababu ya taarifa hii. Wapo waliotaka kufungua lebo wakajikuta wamefunga blogu nzima.

Lebo pacha

Hili halitoi ujumbe wowote wa kosa, na ndilo linaloharibu blogu nyingi za Kiswahili polepole. Mwaka mmoja baadaye unakuta "kitabu" ina makala nne, "vitabu" ina tisa, "Vitabu vya watoto" ina mbili, "books" ina sita. Msomaji aliyebofya "kitabu" ameona makala nne, akadhani ndizo zote ulizonazo.

Ngeli zetu ndizo zinazotutega. Umoja na wingi hutofautiana mwanzoni mwa neno, kwa hiyo kihariri hakisaidii: ukianza kuandika "vi" hakitakupendekezea "kitabu". Mtoto na watoto, ugonjwa na magonjwa, kijana na vijana, yote huangukia herufi tofauti kwenye orodha. Amua mapema. Ushauri wetu ni wingi kwa vitu vinavyohesabika na umbo la kawaida kwa dhana: "vitabu", "magonjwa", "vijana", lakini "elimu", "afya", "kilimo". Andika kwa herufi ndogo isipokuwa majina ya pekee, na uchague lugha moja. Lebo tatu hadi sita kwa makala zinatosha. Kwa walio WordPress.com kuna sababu ya ziada: makala yenye lebo na kategoria zaidi ya 15 kwa jumla haitokei kwenye orodha za mada za Reader, sehemu ya WordPress.com ya kusomea blogu.

Maneno yenye ritifaa (') yanahitaji jicho. Baadhi ya simu huweka ritifaa iliyopinda, kompyuta nyingi huweka iliyonyooka, na Blogger itahesabu "ng'ombe" na "ng’ombe" kuwa lebo mbili. WordPress huondoa ritifaa kwenye anwani, ikawa "ngombe". Ukikuta anwani inayoishia na -2, kama "ngombe-2", fungua orodha ya lebo utafute pacha wake, maana anwani ya kwanza tayari ina mwenyewe.

Kuziunganisha kwenye WordPress: nenda "Posts", kisha "Tags", ubofye nambari iliyo mbele ya lebo mbaya. Zitajitokeza makala zake tu. Orodha huonyesha 20 kwa ukurasa, basi ongeza idadi kupitia "Screen Options" ili zote zikae pamoja. Ziteue, chagua "Edit" kwenye vitendo vya pamoja, andika lebo sahihi, usasishe. Njia hii huongeza lebo tu, haiondoi, kwa hiyo rudi kwenye ukurasa wa lebo ufute ile mbaya. Kufuta lebo hakufuti makala. Fanya kwa mpangilio huo: ukifuta kabla ya kuongeza, umepoteza orodha ya makala ulizotaka kuzihamisha.

Kwenye Blogger hakuna kitufe cha kubadilisha jina la lebo. Chuja makala kwa lebo mbaya, ziteue zote, bofya alama ya lebo, uongeze jina sahihi, kisha uondoe baya kwa njia hiyohiyo. Lebo isiyo na makala hutoweka yenyewe. Baada ya hapo pitia menyu, maana viungo vya jina la zamani vitafungua ukurasa mtupu.

Kama jina ndilo limekosewa na hakuna pacha, WordPress hukuruhusu kulisahihisha kwenye ukurasa wa lebo, nalo litabadilika kwenye makala zote mara moja. Anwani iache ilivyo kama hujajiandaa. WordPress hukumbuka anwani ya zamani ya makala na kumpeleka msomaji kwenye mpya, lakini haifanyi hivyo kwa lebo. Ukibadilisha anwani ya lebo, au ukifuta lebo iliyokuwa ikitembelewa, weka mwelekezo wa kudumu (301) kutoka anwani ya zamani kwenda mpya, kisha uifungue ile ya zamani mwenyewe kwenye kivinjari uone inakupeleka wapi.