Mishale ya Geji Inapocheza kwa Pamoja

SWALI: Ndugu Mhariri, nina pikapu ya dizeli ya miaka mingi. Kila ninapowasha taa kubwa, mshale wa joto hupanda hadi karibu na alama nyekundu, nao hushuka mara ninapozizima. Nikipita kwenye barabara mbovu, mishale yote huanguka hadi sifuri kwa sekunde chache, kisha hurudi. Fundi amekwisha kubadilisha sensa ya joto bila mafanikio, na sasa ananishauri ninunue dashibodi nzima. Je, nikubali?

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba usinunue chochote kabla ya kupima. Injini haipati moto na kupoa kwa kufuata swichi ya taa, kwa hiyo kinachobadilika hapo ni umeme wala si joto. Tena, geji za joto, mafuta na kasi zina sensa mbalimbali. Zinapoanguka zote kwa wakati mmoja, kosa hutafutwa mahali zinapokutana, yaani kwenye fyuzi, kwenye plagi iliyo nyuma ya dashibodi na, zaidi ya yote, kwenye waya wa ethi unaorudisha umeme kwenye ncha hasi ya betri.

Taa mbili za wati 55 kila moja huvuta takriban ampea 9. Ikiwa umeme wake hurudi kupitia bolti ileile inayoshika ethi ya dashibodi, na bolti hiyo imeshika kutu kiasi cha kuleta ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kupita, wa omu 0.1 tu, ethi ya dashibodi hupanda kwa karibu volti 0.9 juu ya ile ya betri. Katika pikapu nyingi za zamani, geji husoma sensa ya joto moja kwa moja, na ukinzani wa sensa hiyo hupungua kadiri maji yanavyopata moto. Basi ethi ya dashibodi ikipanda, volti ya sensa huonekana ndogo kuliko ilivyo, na mshale huonyesha joto ambalo halipo. Sensa mpya haiwezi kuliondoa kosa hilo.

Mwombe fundi awashe injini na taa, aweke mita ya volti kati ya ethi ya dashibodi na ncha hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, kosa limo katika njia hiyo. Afungue kwanza waya hasi wa betri, kisha asugue kwa msasa vichwa vya betri, bolti ya ethi ya dashibodi na mkanda unaounganisha injini na bodi, mpaka chuma king'ae, akaze na kupaka grisi. Apime pia chaji ya alteneta, ambayo kwa kawaida huwa kati ya volti 13.8 na 14.5.

Hata hivyo, mshale ukipanda taa zikiwa zimezimwa, simamisha gari, kwa maana hilo laweza kuwa joto la kweli.

Ethi ikiwa safi na mishale bado inaanguka kwenye matuta, huenda lehemu za bodi ya saketi iliyo ndani ya dashibodi zimepasuka. Fundi wa elektroniki anaweza kuzichomelea upya, nawe ukabaki na dashibodi yako, ambayo katika magari mengi ndiyo inayotunza hesabu ya kilomita zilizotembewa.