Nenda zuu ya Entebbe siku ya baridi, na nenda peke yako

Kila anayeniuliza siku nzuri ya kwenda kuona wanyama Entebbe hutarajia nimtajie Jumapili yenye jua. Mimi humwambia achague siku ya kazi, asubuhi yenye mawingu mazito, na kama hana wa kufuatana naye asimsubiri mtu. Nimekwenda pale na familia, nimekwenda na wageni waliotoka kwetu Tanga, na nimekwenda peke yangu. Siku nilizoona mambo ni zile za peke yangu, tena nyingi kati ya hizo nilikuwa nimevaa sweta na koti la mvua juu yake.

Mkiwa kundi, anayechoka mapema ndiye anayeongoza msafara. Mtoto anataka simba, mjomba anatafuta pa kukaa, mwingine anataka picha, na kila boma mnalipitia kwa dakika mbili tatu. Ukiwa peke yako unaweza kusimama mbele ya mnyama mmoja saa nzima na hakuna wa kukuuliza tunaondoka lini. Baridi nayo inapunguza watu. Halafu wale wanyama ambao jua la saa 8 mchana huwalaza kivulini, simba hasa, siku ya ubaridi huwa macho na wanatembea. Asubuhi ya namna hiyo simba akinguruma utamsikia ukiwa bado uko mbali kabisa na boma lake, na kifua chako kitatetemeka.

Baridi yenyewe lazima niieleze, maana wengi wakisikia Uganda iko kwenye ikweta hudhani watatokwa jasho kutwa. Entebbe iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, lakini Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji umekaa kwenye rasi iliyoingia ziwani. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji. Hewa hutoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, inakutana huko, inapanda, na mawingu ya radi yanajijenga watu wakiwa wamelala. Karibu na mapambazuko upepo wa mashariki unayasukuma kuja upande huu. Ndiyo sababu mvua ya Entebbe hupenda kushuka alfajiri na asubuhi, kisha mchana anga likafunguka. Miezi ya Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, ndiyo ya mvua nyingi. Juni na Julai ubaridi upo hata mvua ikiwa chache. Kwetu tuliolelewa pwani, nyuzi 17 au 18 za asubuhi zikichanganyika na upepo wa ziwani ni baridi ya kweli, na usiidharau.

Mwavuli uache nyumbani. Upepo utaupindua, na hata usipoupindua utakuwa umekushika mkono ambao ungeshikia darubini. Koti la mvua lenye kofia ndilo litakalokufaa. Kama huna, pitia Owino siku moja kabla, pale Kampala, uchambue mitumba hadi upate la kukutosha, na upatane bei. Viatu viwe vya kufunika mguu mzima na soli yenye meno, kwa kuwa udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya. Weka soksi kavu ndani ya mfuko usiopenya maji. Ukizivaa saa 6 mchana utapata nguvu za kuendelea hadi jioni.

Kutoka Kampala ni kama kilomita 40. Panda taksi, zile za abiria 14, ushukie Kitooro, mtaa wa Entebbe, kisha chukua bodaboda na umwambie zuu. Ondoka saa 12 asubuhi, kabla magari hayajasongamana Kibuye na Najjanankumbi. Kuna na sababu nyingine ya kuwahi: mabasi ya wanafunzi. Wanakuja kutoka mbali, kwa hiyo huwasili asubuhi ikiwa imesogea, na wakishaingia utulivu umekwisha. Siwalaumu, mahali pale ni pao kuliko pangu. Ila ukifika lango linapofunguliwa utapata saa moja au mbili ambazo hutasikia ila ndege na maji yanayodondoka kwenye majani. Kiingilio kina viwango tofauti kwa raia na kwa wageni, kwa hiyo beba kitambulisho au pasi.

Ukiwa pale ujue umeingia mahali pa namna gani. Serikali ya kikoloni ilipaanzisha mwaka 1952 pawe pa kulelea wanyama yatima, waliojeruhiwa na walionyang'anywa wafanyabiashara haramu. Baadaye pakageuka bustani ya wanyama ya kawaida, na mwaka 1994 pakafanywa kituo cha elimu ya uhifadhi. Kazi ile ya kwanza haikukoma. Wengi utakaowaona wamefika pale kwa balaa fulani: mtego, bunduki, gunia la mlanguzi. Ukilijua hilo utamtazama mnyama kwa jicho jingine, na utakuwa na swali la kumuuliza mtunzaji zaidi ya "anakula nini?"

Anzia kwa sokwe mtu. Wanakaa kwenye kisiwa kidogo kilichozungushiwa mfereji wa maji, kwa kuwa sokwe mtu hawawezi kuogelea. Siku moja nilifika pale mvua ikiwa ya rasharasha. Jike mmoja alikuwa amekaa karibu na ukingo, magoti kifuani, mikono imeizunguka miguu, kichwa kimeinama ili maji yateleze mgongoni. Matone yalikuwa yananing'inia kwenye nywele za juu ya macho yake, na kila yalipozidi aliyafuta kwa mgongo wa kiganja, taratibu, bila kuinua kichwa. Mtoto wake alijibana tumboni, mkono mmoja tu ukionekana. Nilitaka kuondoka nikaona haya, kama nimemchungulia mtu chumbani kwake. Mtunzaji mmoja, mwenyeji wa Arua mwenye Kiswahili kizuri, akanisogelea.

"Dada, usiende," akasema. "Kaa. Mvua ikikatika ndipo utawajua."

Nikakaa. Kabla haijakatika ikazidi kwanza, radi ikapiga mbali ziwani, na dume mmoja akanyanyuka manyoya yote yamesimama. Akayumba huku na huku, akakokota tawi, akakimbia nalo upana wote wa kisiwa akipiga kelele, kisha akaketi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kaka yule akaniambia ndivyo wafanyavyo radi inapolia, hata porini. Mvua ilipoisha wakaanza kukaribiana wawili wawili na kuchambuana manyoya, vidole vikipita polepole, na yule jike akamlaza mtoto miguuni kwake akaanza kumkausha. Niliondoka pale muda mrefu baadaye. Ningekuwa na kundi tungeshapita zamani, na tungesema sokwe walikuwa wamelala tu.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: chagua wanyama watatu au wanne, uwape siku yako, na wengine uwaone kwa kupita njia. Usitafute kumaliza ramani. Na mtunzaji akikuongelesha mjibu, muulize kwao wapi, muulize mnyama gani anamsumbua moyo. Wanashinda na wanyama hawa mvua na jua, na siku za watu wachache wana nafasi ya kueleza. Ukiitwa nyabo, au ssebo kama ni mwanamume, hiyo ni heshima ya hapa. Itikia kwa heshima hiyo hiyo.

Wa pili katika orodha yangu ni korongo-nyangumi, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mpana mno. Kwa kawaida husimama kimya muda mrefu hata mgeni akadhani ni sanamu, na mvua haimhamishi. Porini anaishi kwenye mabwawa ya mafunjo na chakula chake kikubwa ni kamongo. Ukiwa na mtunzaji atakufundisha kumsalimu: unainamisha kichwa, unamsubiri. Akikuinamia naye na kugonganisha mdomo, amekukubali. Asipoinama, baki ulipo. Nimeona watu wakimlazimisha kwa ajili ya picha, na inaniudhi kila mara. Anayeishi kwa utulivu aachiwe utulivu wake.

Kwa vifaru weupe sikai kwa kuwa wana vituko. Nakaa kwa sababu ya kinachowahusu. Uganda ilikuwa na vifaru wa aina mbili, weusi na weupe wa kaskazini. Ujangili na vita vikawamaliza, na kufikia 1983 hakubaki hata mmoja porini. Hawa weupe wa kusini waliletwa kutoka Kenya, na mwaka 2005 wengine wakapelekwa hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa, huko Nakasongola, ili wazaliane upya. Asubuhi ya baridi utamkuta kifaru amesimama anakula majani, mvuke mwembamba unatoka puani, na ukiwa kimya utasikia majani yanavyokatika kwa midomo ile mipana. Mtanzania au Mkenya atasema kifaru kwetu wapo. Nami naomba usimame hapo zaidi, uone nchi inavyohangaika kurudisha kilichopotezwa na kizazi kimoja tu.

Mamba, chatu na kobe waache hadi mchana. Damu yao hufuata joto la nje, na asubuhi ya mawingu hawana nguvu ya kufanya lolote. Jua likichomoza saa 7 au 8 wanatoka kulifuata, nawe ndipo uwafuate.

Mambo ya usalama kwa anayetembea peke yake ni machache ila yafuate. Radi ikikaribia, toka chini ya miti. Bustani ina miti mirefu ya kupendeza, na ukanda huu wa ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Ingia kwenye jengo usubiri. Tumbili huzurura huru na wanajua vizuri mlio wa karatasi ya biskuti, kwa hiyo usile ukitembea, na usiwape chochote hata wakiomba kwa mkono. Simu iwe na chaji, na mtu mmoja mjini ajue uko wapi. Kwa upande wa picha, mwombe mfanyakazi badala ya kumpa simu mtu usiyemjua.

Chakula nashauri ule kabla na baada. Kitooro asubuhi utapata roleksi ya moto, mayai mawili na nyanya na kitunguu ndani ya chapati, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Kwa siku ya baridi sijaona kifungua kinywa bora kuliko hicho. Ukitoka jioni, rudi hapo hapo ule samaki wa ziwani.

Wapo watakaokushauri uunganishe na safari ya boti kwenda Kisiwa cha Ngamba, penye hifadhi ya sokwe mtu iliyoanzishwa mwaka 1998. Ni mahali pazuri sana, lakini kiko kilomita 23 majini, na ziwa likichafuka asubuhi kuvuka ni mateso. Kipe siku yake.

Kurudi Kampala, ondoka kabla ya saa 10 jioni. Ikinyesha tena, magari yanasimama, na mtu wa peke yake hapaswi kuwa anatafuta taksi nyingine gizani. Bora zaidi lala Entebbe, kwa sababu ya yule ndege. Upande wa pili wa maji kuna bwawa la Mabamba, ambako korongo-nyangumi wanaishi huru. Zamani wavuvi wa huko waliamini ukimwona ndege huyu utakosa samaki siku hiyo, wakawa wanamuua. Leo baadhi yao ndio wanaowapeleka wageni kumtazama. Boti huondoka Nakiwogo, hapo hapo Entebbe, na asubuhi na mapema ndiyo saa yake. Boti hukodiwa nzima, haihesabu vichwa, kwa hiyo jioni hiyo waulize wageni wenzako hapo unapolala kama yupo anayekwenda, mgawane gharama. Mwambieni nahodha mapema kwamba mtasubiri radi ipite kwanza, hata kama ni hadi saa 3.