Re: Binti miaka 17 hajaona hedhi, altrasaundi haioni kizazi

Pole sana dada. Kama nimekuelewa, binti ana matiti ya kawaida, hedhi hajawahi kuona, na altrasaundi ya hapo Arusha imesema kizazi hakipo. Hajarogwa wala hakunywa kitu, hii imeanzia tumboni mwa mama. Mi nilimsindikiza mdogo wangu kwa jambo hilihili na kilichotufungua macho ni kipimo cha kromosomu (vibeba urithi vya mwili), damu tu, pamoja na cha testosteroni, homoni ya kiume, kwahiyo omba rufaa ya hospitali ya KCMC kule Moshi uanzie hapo. Muulize taratibu kama ana nywele za kwapani na za siri. Akiwa XX, yaani kromosomu za kike, na nywele zipo, mara nyingi ovari (vifuko vya mayai) ni nzima ila kizazi hakikujijenga, hapo wamcheki na figo maana huwa zinahusika. Akiwa XY, yaani kromosomu za kiume, na nywele chache sana, basi jeni ya SRY kwenye Y ilitengeneza korodani, ziko ndani, zikazuia kizazi kisiote, lakini mwili hauisikii testosteroni ndo maana kakua msichana. Na ni msichana, asikuyumbishe mtu. Operesheni ya kuzitoa msiikimbilie, muongee kwanza na daktari wa homoni, na binti mwenyewe awepo.