Vita ionekane, maiti isitiriwe

Mhariri habari za kazi. Swali lenu la wiki hii mmeuliza modeli na dayorama za vita (yaani matukio ya vita yaliyotengenezwa kwa udogo juu ya kibao) zionyeshe damu na maiti kama ilivyokuwa au zibaki safi ili watu wasikwazike, na nimeona wasomaji wenzangu wameshaanza kujigawa pande mbili. Mimi damu naweka. Kidogo, na si popote, na kuna vitu siviweki hata mtu anilipe.

Nianze na damu yenyewe maana hapo ndo wengi wanaharibu, tena wanaharibu kiufundi kabla hata hatujafika kwenye maadili. Skeli ya wengi kwa vifaru na askari ni 1/35, yani kila kitu kimepunguzwa mara 35, mtu mzima anatoka kama sentimita 5 hivi. Sasa ukidondosha tone la rangi la sentimita 1 tu hapo chini, kwa ukubwa wa kweli umeweka dimbwi la sentimita 35, na jamaa hawaishii tone moja, wanamwaga, wanapaka mpaka ukutani, na nyekundu yenyewe ni ile ya kung'aa kabisa kama vile mtu kajikata sasa hivi mbele yako. Damu ikikaa juani inageuka kahawia, inaingia kwenye nguo, inanywewa na vumbi, ukisimama mbali kidogo unaweza kudhani ni oili ya gari imemwagika. Mimi nachukua ile nyekundu angavu ya kampuni ya Tamiya, X-27, naichanganya na X-19 yao ya moshi mpaka ifanane na ukwaju uliokolea, nagusa kwa ncha ya brashi, na kama tukio ni la jana yake napitisha vanishi isiyong'aa juu. Basi. Anayesogea karibu ataiona, aliyesimama mlangoni haimhusu.

Halafu jiulize hiyo damu ina kazi gani hapo. Kuna mama mmoja wa Marekani, Frances Glessner Lee, miaka ya 1940 alitengeneza vyumba vidogo vya vifo vyenye utata kwa skeli ya 1/12, maiti kitandani, madoa ukutani, mpaka soksi kazifuma mwenyewe, kwa ajili ya kufundishia polisi upelelezi, na bado vipo Baltimore. Pale damu ni ushahidi, mwanafunzi anaangalia imerukia upande gani. Kwenye meza zetu mara nyingi imewekwa ili mtu aseme duh, apige picha, aende meza inayofuata.

Sasa hao wanaosema tubaki safi nao nina neno nao. Enola Gay, ile ndege ya B-29 iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, modeli yake inauzwa kwenye maboksi miaka yote, watu wanaipaka rangi ya fedha inang'aa mpaka unajiona humo, na sijawahi kusikia mtu akiambiwa umeleta ukatili kwenye maonyesho. Lakini mtu akiweka mwanajeshi mmoja kalala chini wanaanza kunong'ona. Yani ndege iliyoua watu kwa makumi ya maelfu asubuhi moja ni safi kwa sababu haina doa?

Na hukohuko Hiroshima makumbusho yao yalikuwa na sanamu za watu, saizi ya binadamu kabisa, wanatoka kwenye moto ngozi inaning'inia mikononi. Mwaka 2017 wakaziondoa. Wapo waliolalamika kwamba mnaficha ukweli, na wapo manusura waliosema hata hizo sanamu zilikuwa na nafuu kuliko walichokiona wao. Wakaamua mbele wakae vitu halisi vya watu waliokufa. Kuna sanduku la chakula la mwanafunzi, chakula kimo ndani kimeungua kikawa mkaa. Kuna baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto ambaye hata miaka 4 alikuwa hajafikisha, baba yake alimzika nayo uani kwake, akaja kuifukua 1985 na kuwakabidhi makumbusho. Wanaolalamika nawaelewa, ila nadhani makumbusho walikuwa sahihi, kwa sababu mtu akisimama mbele ya ngozi ya bandia haichukui muda anaanza kuangalia imetengenezwa na nini, sisi mafundi ndo kabisa, tunainama kuangalia maungio. Ile baiskeli huna cha kuikagua, inabidi umfikirie mtoto.

Swastika, ile alama ya Wanazi, nipitie haraka maana najua kuna wataoiuliza. Ujerumani ipo sheria ya kuikataza, kifungu cha 86a, ndo maana stika za mkia wa ndege kwenye maboksi mengi zinakuja zimekatwa vipande viwili au hazipo kabisa, ingawa sheria hiyohiyo inaacha nafasi kwa sanaa, elimu na historia. Mimi kwenye ndege ya Kijerumani ya 1940 naiweka, kuifuta ni kumsafisha aliyeibandika. Kuitundika sebuleni kama pambo ni jambo jingine.

Sasa twende kwetu. Mimi mtu wa Tanga, nakaa Birmingham, na ninachopenda kutengeneza ni vita ya kwanza ya dunia upande wa Afrika Mashariki, ambayo makampuni hayajaijali sana kwa hiyo nusu ya vitu unachonga mwenyewe. Ukisema mapigano ya Tanga 1914 watu wanataka wale nyuki waliovamia wapiganaji na maiti za askari wa Kihindi wametapakaa ufukweni. Lakini vita ile iliua wapagazi kuliko wapiganaji, kwa hesabu za Waingereza wenyewe wapagazi zaidi ya 90,000 upande wao, na wengi hawakuguswa na risasi. Kuhara damu, malaria, nimonia, njaa, mzigo wa kilo 25 kichwani kwenye mvua za Rufiji. Kariakoo ya Dar jina lake linatokana na kikosi chao, Carrier Corps, na wengi tunapita pale kununua viatu hatukumbuki. Rangi nyekundu hapo utampaka nani?

Nilichotengeneza ni mzinga wa Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani. Ile meli ilipomalizwa kule Rufiji Julai 1915 Wajerumani walitoa mizinga yake 10 ya sentimita 10.5, wakaifanya ya nchi kavu, wakaiburuza porini kwa nguvu za watu kwa mamia, mmoja uko Fort Jesus Mombasa nadhani wengi mmepiga nao picha. Kwa hiyo mzinga upo, kamba zipo, watu wanavuta, na nyuma yake pembeni ya njia yupo mmoja ameketi, ameshindwa. Nilichukua mwanajeshi wa plastiki aliyekaa, nikampunguza miguu kwa kisu mpaka goti likawa nene kuliko paja, nikamchonga mbavu kwa pati (ule udongo wa kufinyangia unaokauka ukawa mgumu), blanketi nikalifanya kwa tishu iliyolowa gundi nyeupe. Mzigo wake uko ubavuni bado umefungwa kamba. Msimamizi anayepita ana kiboko mkononi na hicho sikukificha, nimekipaka vizuri kabisa mpaka mshono wa mpini unaonekana, kwa sababu aibu ya kiboko ni ya mwenye kiboko.

Ila palikuwa na suala la nguo za yule mgonjwa. Ukweli ni kwamba watu walikuwa wanaharisha hapohapo walipokaa, maandishi ya madaktari wa wakati ule yanasema, na kuonyesha ningeweza, tone mbili za kahawia tu. Nikaacha. Kwetu mtu akifa cha kwanza anafunikwa, hata aliyegongwa barabarani atatokea mtu asiyemjua amvulie kanga yake, na huyu hawezi kujifunika mwenyewe. Kwa hiyo blanketi nikalivuta mpaka miguuni, uso nikaugeuza upande wa porini. Nilipomtumia mama mdogo picha akajibu, "Masikini, mtoto wa watu wamemuacha hapo hapo?" Hakuuliza kuhusu mzinga, na mzinga ndo ulionimaliza nguvu! Jamaa mmoja wa huku yeye akaniambia kazi nzuri ila vita iko wapi.

Sasa kitu nisichokigusa. Februari 1906, wakati wa Majimaji, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni zaidi ya 60 pale Songea, na Nduna (kiongozi wa Wangoni) Songea Mbano naye akanyongwa, na wazee wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Picha za watu kunyongwa enzi hizo zipo, kwa hiyo mti, kamba, sare, vyote unaweza kuvipata kwa usahihi, na wapo watakaosema kutengeneza ni kuelimisha. Mimi nakataa. Ile picha aliipiga mnyongaji au mtu wake, akasimama pale anapotaka yeye, kwa hiyo ukiinakili kwa skeli hata ukiwa na nia njema umesimama alipokuwa amesimama yeye. Tena siyo watu wa zamani wasio na wenyewe. Wajukuu wapo Songea, kila Februari wanawakumbuka, na Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda pale kuomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta hicho kichwa. Familia bado inadai kichwa chake halafu mimi nimtundike kwenye kibao cha sentimita 30 nigombee medali?

Labda waniite wao. Wakisema tunataka hiki kitu kikae makumbusho ya Majimaji watoto wetu waone, nitapanda basi niende, nitakaa na wazee, na wakitaka kamba ionekane itaonekana, wakitaka nimtengeneze Nduna akiwa hai amekaa na watu wake nitamtengeneza hivyo.