Maswali ya Wasomaji: Grini Kadi na Ufadhili wa ROTC

SWALI: Shikamoo mhariri. Nina umri wa miaka 16 na ninasoma darasa la 11 huku Ohio. Wazazi wangu ni Wakongo wa Kivu Kusini, nami nilizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Natamani kuwa afisa wa jeshi la Marekani kwa ufadhili wa ROTC, mpango wa kuwaandaa maafisa wa jeshi wakiwa chuoni, lakini wenzangu wanasema mwenye grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, hapewi. Mama aliapishwa kuwa raia mwaka jana, mimi bado nina kadi. Nianzie wapi? (Msomaji, Ohio)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wamesema kweli kwamba ufadhili huu ni wa raia tu, ila inaelekea wewe tayari ni raia na hujaambiwa. Kwa sheria ya mwaka 2000, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu, anayeishi Marekani chini ya ulezi halali wa mzazi wake, hupata uraia papo hapo mzazi huyo anapoapishwa. Kinachokosekana ni ushahidi. Mwombe mama mfuatilie pasipoti yako sasa, mkichukua hati yake ya uraia, grini kadi yako na cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha kuwa ndiye mama yako. Vikagueni vizuri kabla ya kwenda: watoto wengi wa kambini waliandikiwa 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, na majina yao yakaandikwa kwa tahajia mbili au tatu. Nimeona familia ikihangaika kwa miezi kwa sababu ya herufi moja, na ndiyo maana nalitanguliza jambo hili kuliko mazoezi na mitihani.

Maombi ya Jeshi la Nchi Kavu hufunguliwa wakati wa likizo ndefu ya kabla ya darasa la 12, hivyo alama zitakazoangaliwa kwanza ni hizi unazozipata sasa. Wastani wa alama zako usipungue 2.5 kwa kipimo cha 4, ingawa wanaoshindana nawe wana zaidi ya huo, na mtihani wa kujiunga na chuo, SAT au ACT, ufanywe mapema ili upate nafasi ya kuurudia. Ukielekea Jeshi la Wanamaji, shikilia hisabati na fizikia. Kuna pia kipimo cha pushapu, cha kuinua kiwiliwili ukiwa umelala chali, na cha mbio za maili moja; anza leo, kidogo kidogo, kila siku. Uchunguzi wa afya hufuata, na pumu iliyoendelea baada ya kutimiza miaka 13 ni kikwazo kinachohitaji kibali maalumu. Usiifiche.

Katika mahojiano afisa atataka kujua umewahi kuongoza nini, na hapa vijana wetu wengi hujidharau kwa kuwa hawajawahi kuwa makapteni wa timu. Ikiwa wewe ndiye unayemtafsiria bibi kwa daktari, ukapanga mazoezi ya kwaya na kuwapeleka wadogo zako shuleni wazazi wakiwa kazini, huo ni uongozi. Ueleze kwa mifano, ukitaja ulichofanya siku mambo yalipoharibika.

Ukifaulu katika Jeshi la Nchi Kavu, utalipiwa ada, au malazi na chakula badala yake, pamoja na dola 1,200 za vitabu kwa mwaka na posho ya dola 420 kwa mwezi wa masomo. Utasoma shahada yako kama wenzako huku ukihudhuria mafunzo ya kijeshi, na ukihitimu utavishwa cheo cha luteni usu. Deni lake ni utumishi wa miaka minane, ambao sehemu yake huweza kuwa katika jeshi la akiba, na mwenye ufadhili wa miaka minne anaweza kujitoa bila deni kabla ya kuanza mwaka wa pili. Waeleze wazazi wako hayo yote kwa Kiswahili, kwa utulivu, kabla ya kujaza fomu yoyote. Wao waliikimbia vita, na neno jeshi masikioni mwao si sawa na lilivyo masikioni mwako.