Usiniulize Bei ya Tripu, Niulize Bodi la Lori Lina Ukubwa Gani

Msomaji mmoja wa Bomang'ombe ameniandikia: "Dada, tripu ya kokoto siku hizi ni shilingi ngapi, na moja itatosha njia ya gari kutoka getini mpaka barazani?" Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona niliweke hapa. Swali hilohilo naulizwa kanisani, naulizwa na walimu wenzangu, na juzi kaniuliza hata shemeji yangu, yule aliyesema mbele ya wageni kwamba mwanamke akisimamia ujenzi nyumba inasimama kwa maombi.

Bei sikutajii, ndugu yangu. Inapanda na mafuta, inategemea umbali kutoka machimboni na kama utapita kwa dalali. Lakini ukiuliza bei ya tripu kabla hujajua tripu yenyewe ina kyubiki ngapi, yaani mita za ujazo ngapi, umeshaliwa.

Mimi nafundisha hisabati, na kiwanja changu kiko upande wa Muriet, hapa Arusha, kwenye ule udongo mweusi. Anayeujua anaujua: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unavimba na kunata, gari linakaa humo mpaka aje mwenye trekta. Masika ya mwaka huu majirani wawili walikuwa wakilaza magari yao kwangu, maana njia yangu hainasi gari. Sisemi kwa kujisifu. Haya, najisifu kidogo.

Siku lori la kwanza lilipofika, dereva alishuka akanyoosha mkono wa pesa kabla hata ya kufungua bodi. Nikamwambia, "Kaka, ngoja nipime." Utingo wake akacheka. Dereva akasema, "Mama, hii ni kyubiki sita, kila mtu Arusha anajua." Nikapanda kwenye tairi na tepu yangu. Urefu wa bodi kwa ndani, mita 3.8. Upana, mita 2.1. Kina sikukipima pembeni kwenye ubao, kwa sababu mzigo ulikuwa umejazwa kilele katikati na pembe zote nne zimeachwa na mashimo. Nikamwambia utingo achukue chepe asawazishe. Akanitazama, akamtazama bosi wake, akasawazisha. Nikachomeka nondo mpaka ikagonga bati: sentimita 60. Zidisha mwenyewe. Inakuja 4.8, si sita. Dereva akaanza hadithi za barabara mbovu na mzigo kujishindilia njiani. Kweli mzigo hushuka kidogo njiani, lakini haupotezi kyubiki nzima na ushee. Nikamlipa kyubiki 4.8 na soda juu yake. Tangu hapo akija kwangu anasawazisha mwenyewe kabla sijatoka ndani.

Na wewe usiagize kwa kukadiria macho. Tuseme njia yako ina urefu wa mita 18, upana mita 3, na unataka tabaka la sentimita 15 la moramu, ule udongo wenye changarawe unaoshindiliwa chini ya kokoto. Ni 18 mara 3 mara 0.15, unapata 8.1. Moramu ikishindiliwa inashuka, kwa hiyo ongeza kama robo: agiza kyubiki 10. Kwa lori kama lile langu, ni tripu mbili na kipande. Jibu la swali lako ndilo hilo, tripu moja haitoshi.

Kama kiwanja chako ni cha udongo mweusi, kumwaga kokoto juu yake ni kuzizika. Masika mbili tu, hutaziona. Chimba uutoe, angalau futi moja, panga mawe makubwa chini, ndipo moramu, mwagia maji, shindilia, kokoto ije mwisho kabisa. Fundi atakwambia mawe si lazima. Fundi hatakuwepo masika.

Sisi wa huku milima yetu ni ya volkano, Meru na Kilimanjaro, na mawe yake si ya aina moja. Yapo mazito, meusi, yaliyoshikana, ukigonga mawili yanalia. Hayo ndiyo ya msingi na ya kokoto za zege. Yapo mepesi yenye vitundu vitundu, mekundu au meusi, yanayokunywa maji. Kwa njia na kujazia yanafaa sana, ila usikubali mtu akuchanganyie kwenye zege la nguzo au la lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, kwa sababu eti yote ni kokoto.

Mchanga una ujanja wake. Ukiwa na unyevu kidogo huvimba, ujazo unaweza kuzidi kwa robo hivi, kwa hiyo wa leo asubuhi baada ya manyunyu si sawa na wa jana. Usafi wake jaribu hivi: chukua konzi, sugua katikati ya viganja, mwaga. Viganja vikibaki na tope, huo ni mchanga wenye udongo. Ukitaka uhakika, tia kwenye chupa angavu pamoja na maji ya chumvi kidogo, tikisa, uache kwa muda wa saa tatu. Tope hukaa juu ya mchanga. Mchanga ukiwa sentimita 10 na tope likazidi milimita 8, lori ligeuze.

Halafu uliza umetoka wapi. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 mchanga, mawe na kokoto ni madini ujenzi, anayechimba anatakiwa awe na leseni. Na sheria ya mazingira inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Najua, wengi wetu tunataka cha bei rahisi tusiulize. Lakini Aprili 2013 kifusi kiliporomoka kwenye machimbo ya moramu Moshono kikaua watu zaidi ya kumi, vijana waliokuwa wakitafuta riziki kwa sururu, hapahapa mjini kwetu. Unaweza kuuliza swali moja kabla ya kutoa pesa.

Udongo wa bustani sina mengi. Chimba kwa mkono mpaka katikati ya rundo, siyo juu tu, maana juu huwekwa mweusi mzuri na ndani kifusi cha nyumba iliyobomolewa, chupa na mifuko humohumo.

Siku ya mzigo uwepo mwenyewe, au mtu anayejua kutumia tepu. Safisha mahali pa kumwaga kwanza, la sivyo kokoto za chini utazichota na majani. Usiruhusu zimwagwe kwenye mfereji wa barabara, mwenyekiti wa mtaa atakuja kabla lori halijageuka. Na pesa yote isitoke kabla bodi halijapimwa, hata dereva akikuita mama mara kumi.