Maskati na Watoto Wadogo: Panga Safari ya Desemba kwa Saa za Usingizi Wao

Dada mmoja wa Morogoro ameniandikia akiuliza kama ni busara kuwapeleka Maskati watoto wake watatu, mkubwa akiwa na miaka sita na mdogo akiwa bado ananyonya, shule zitakapofungwa mwezi Desemba. Anasema mama mkwe wake amemwambia kwamba hizo ni fedha za kutupa baharini, kwa kuwa watoto wa umri huo hawakumbuki kitu. Ujumbe wake umenigusa sana, kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa mimi sebuleni kwa wakwe zangu kule Tanga, mbele ya wageni, na mpaka leo hayajanitoka moyoni. Jibu langu ni refu, nami naliandika hapa ili na wengine wenye nia kama yake wanufaike.

Kwanza, kuhusu majira. Maskati ya mwezi Juni au Julai si mahali pa kumpeleka mtoto, kwa maana joto hupita nyuzi 40 na familia nzima hujikuta imefungiwa ndani na kiyoyozi. Desemba na Januari hali ni nyingine kabisa: mchana ni kama nyuzi 25, na usiku hushuka hadi 17 au 18. Ndio msimu wa kaskazi, upepo ambao zamani ulikuwa ukiyaleta majahazi ya Omani kwenye bandari zetu, na mtoto wa Tanga aliyezoea jasho la Desemba huiona baridi hiyo ya usiku kuwa kali. Beba masweta, soksi na nguo za kulalia za mikono mirefu. Wanangu walilala wamejikunyata kama paka usiku wa kwanza, na asubuhi yake waliamka na nguvu ambazo sijawahi kuziona nyumbani katika mwezi kama huo.

Tulifikia kwa shangazi yake mume wangu, mzaliwa wa Unguja ambaye familia yake ilikuwa miongoni mwa nyingi zilizohamia Omani baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Siku ya kwanza, tulipomaliza kula chakula cha mchana, nilimuuliza ni teksi gani nzuri ya kutufikisha soko la Mutrah. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, saa saba hii Mutrah wanafunga. Wenyewe wanakwenda kulala, wewe unakwenda kununua nini? Walaze watoto, nawe ulale." Tukalala. Saa kumi jioni tulipotoka, maduka yalikuwa yanafunguliwa, jua limelegea, na watoto hawakuwa na kilio hata kimoja.

Katika jibu lake yule mama ndimo ulimo ushauri wangu wote. Maskati huigawa siku mara mbili, asubuhi na jioni, na katikati hupumzika. Mtoto mdogo naye ameumbwa hivyohivyo. Mzazi akiufuata mwendo wa mji, safari humwendea vizuri, na akiupinga, hata hoteli ya gharama kubwa haitamsaidia. Kumbuka pia kwamba mapumziko ya wiki kule ni Ijumaa na Jumamosi, na kwamba Ijumaa asubuhi maduka mengi hubaki yamefungwa mpaka baada ya sala ya Ijumaa. Jua la Desemba huzama kama saa kumi na moja na nusu, mapema kuliko letu, kwa hiyo jioni ya kucheza ufukweni ni fupi, nayo haifai kupotezwa kwenye foleni ya magari.

Asubuhi zetu tulizipeleka Mutrah. Soko la samaki lililopo pale ufukoni, jengo la kisasa lililofunguliwa mwaka 2017, lilikuwa darasa tosha kwa mkubwa wangu. Alisimama mbele ya meza ya marumaru na kuanza kuwataja aliowajua: nguru, jodari, changu, pweza. Muuzaji, mzee wa ndevu nyeupe na kofia ya viua, aliacha kisu, akamjibu kwa Kiswahili safi, "Na huyu je, unamjua?" huku akimnyanyua kolekole aliyekaribia kumlingana mtoto kwa urefu. Walitajiana samaki mpaka wateja wengine wakasimama kusikiliza. Kutoka hapo mnaweza kutembea taratibu kando ya bahari hadi Riyam, ambako juu ya kilima pamewekwa chetezo kikubwa cheupe kinachoonekana kutoka mbali. Wanangu walikitambua mara moja, kwa kuwa bibi yao hufukiza ubani kila Alhamisi jioni, na safari nzima walikuwa wakikitafuta kwenye dirisha la gari.

Ndani ya soko la Mutrah lenyewe, vichochoro ni vyembamba, vina ngazi hapa na pale, na watu ni wengi. Kigari cha mtoto kitakutesa. Mimi nilimfunga mdogo mgongoni kwa kanga, na nasema kwa fahari kwamba mbeleko ile ilinifungulia milango ambayo fedha isingeifungua. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akichagua udi aliiona kanga, akaisoma kwa sauti, akaniuliza natokea wapi, na kabla hatujaachana alikuwa amemlisha mwanangu wa kati vijiko viwili vya haluwa na kunimiminia kahawa yenye iliki. Baadhi ya wanawake wenzangu huficha mbeleko wanaposafiri, wakiona ni ushamba. Msiifiche. Mtoto hulala humo, mikono yako hubaki huru, na anayekuona hujua wewe ni nani.

Jioni zilikuwa za ufukwe wa Qurum, na hapa ndipo ninapotaka wazazi wanisikilize kwa makini. Tulikwenda ufukwe uleule karibu kila jioni. Ndugu walitushangaa, wakituuliza kwa nini hatuoni na mahali pengine. Lakini mtoto wa miaka minne hataki kuona mahali pengine. Anataka kurudi kwenye shimo alilolichimba jana. Uliza saa za kupwa na kujaa kabla hamjatoka, kwa sababu maji yakitoka, mchanga huwa mpana, mgumu na mzuri wa kukimbilia, na vidimbwi vidogo hubaki na kaa wa kufukuza. Maji yenyewe ni ya baridi kidogo majira hayo. Waache waloweke miguu, kisha uwakaushe mapema. Vaeni kwa heshima, kwa kuwa ni ufukwe wa watu wote na familia za pale huvaa kwa stara.

Karibu na ufukwe huo kuna hifadhi ya mikoko, aina ya mchu tunaouona Tanga na Pangani. Mume wangu aliwaeleza watoto kwamba boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji zilivushwa kwa majahazi hadi nchi hizi kuezekea nyumba, na baadaye, tulipoingia katika nyumba moja ya zamani, mkubwa alinyanyua macho darini na kuuliza kama zile ni zetu. Watoto hawasahau mambo yaliyofungamanishwa na kwao.

Sasa nieleze jambo lililoniumiza. Tulilipia mashua ya kwenda kuwatazama pomboo, na kwenye simu nilihakikishiwa kwamba watoto wa umri wowote hupokewa. Tulipofika gatini alfajiri, watoto wakiwa wamevalishwa masweta na wameamshwa usingizini, tuliambiwa kwamba mtoto mchanga hapandi na kwamba fedha hairudi. Sitaitaja kampuni hiyo. Kumzuia mtoto mchanga asipande mashua ni haki, tena ni usalama wake. Kumdanganya mama kwa ajili ya fedha zake si haki. Tangu siku hiyo nadai kila ahadi inayohusu watoto iandikwe kwenye ujumbe: umri unaokubalika, koti la kuokolea la kipimo chao, kiti cha mtoto ndani ya gari. Nakusihi nawe ufanye hivyo, wala usione haya kuuliza mara mbili.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, mtautaka wote kuuona, na mnastahili kuuona. Jueni tu kwamba wageni wasio Waislamu hupokewa asubuhi, saa mbili hadi saa tano, isipokuwa Ijumaa, na kwamba katika saa hizo watoto wa chini ya miaka 10 hawaingizwi katika ukumbi mkuu wa sala. Tuligawana zamu: mmoja akaingia kulitazama zulia la tani 21, mwingine akabaki na watoto kwenye bustani, ambako walikimbia mpaka wakachoka. Mji wa Nizwa tuliuacha, kwa kuwa ni zaidi ya saa moja na nusu barabarani kwenda tu. Mabonde ya mito milimani tuliyaacha pia, na hapa sina mjadala: mvua za Omani huja zaidi majira ya baridi, na mto uliokuwa mkavu hujaa ghafla hata kama mvua imenyesha mbali. Siku ya mawingu tulikwenda kuwatazama samaki kwenye jumba lao lililomo ndani ya Mall of Muscat, na hiyo ilitosha.

Kwa wale wanaosema watoto hawatakumbuka, nawajibu hivi. Mtoto si benki ya kumbukumbu. Ni mtu anayeishi leo. Tunamlisha leo bila kumuuliza kama ataukumbuka uji wake, na tunambeba mgongoni bila kumdai shukrani. Wazazi wenzangu, msisubiri watoto wakue ndipo mkae nao. Watakua, nao watakuwa na marafiki, simu na mitihani yao. Huu umri wa kushikwa mkono ndio wenu, na wala hauhitaji utajiri. Unahitaji kuweka akiba mapema na kukataa kusimangwa.

Kwa hiyo, dada yangu, nenda. Ukiweza, ondokeni mara shule zinapofungwa, mwanzoni mwa Desemba, kabla nauli na vyumba havijapanda kwa ajili ya sikukuu. Hesabu bajeti kwa uangalifu, kwa kuwa rial moja ya Omani ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, na tarakimu ndogo kwenye bei huwahadaa wengi. Chagueni malazi karibu na Qurum ili ufukwe uwe wa kutembea kwa miguu, na muwe na jiko dogo la kuchemshia uji. Pasipoti anza kuzishughulikia sasa hivi, kwani hata huyo anayenyonya anahitaji ya kwake, na viza za watoto ziombwe pamoja na zenu.